Mwalimu Placide na Fishi 212 za Kitenzi Kimoja

Mwalimu Placide Bisimwa alizaliwa Nyantende tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa tatu wa wakulima wa maharagwe. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari na ualimu hapa Bukavu.

Kuanzia 1976 hadi 2017 alifundisha Kiingereza, na kitenzi kilichomteka kilikuwa kimoja tu: get, yaani kupata na maana nyingine tele. Alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba Waingereza walikipokea kwa watu wa kaskazini waliovuka bahari, hivyo hata wenye lugha waliazima. Maana zake alizikusanya kwa ajili ya kitabu, kwenye vikaratasi vigumu, fishi, kwa sharti ambalo hakulilegeza kamwe: sentensi aisikie kwa masikio yake, na aliyeitamka aandikwe jina. Madereva wa malori kutoka Uganda wamo. Daktari aliyemng'oa jino naye yumo.

Tarehe 18 Agosti 1979 alimwoa Rosalie Akonkwa, muuza vitenge wa Kadutu. Vita vilipowakimbiza kutoka mtaa wa Muhumba mwaka 1996, mama Rosalie alijitwika sufuria, mwalimu akabeba sanduku la fishi.

"Papa Gisèle, ile makaratasi tutakula?" mama aliuliza njiani, akimwita kwa jina la binti yao.

Jioni mwalimu alikula kutoka sufuria ileile kwa adabu zote.

Fishi zilifika 211, na jina la mkewe halikuwamo. Alimbembeleza miaka na miaka aseme sentensi moja tu. "Mie siko mwanafunzi yako," mama alimjibu kila mara. Wageni walicheka, lakini yeye jibu hilo lilimuuma, akaapa kwamba kitabu hakitachapwa bila mama huyo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Jumapili tarehe 13 Oktoba 2024, mama aliketi kando ya kitanda chake, akamshika mkono, akatamka sentensi ambayo binti yao Gisèle alikuwa amemfundisha jikoni wiki nzima: "Get some rest, Placide." Pumzika kidogo.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Akaomba kalamu, akaandika fishi ya 212: sentensi, tarehe, na jina la Rosalie Akonkwa. Alifariki kesho yake alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wanne, Gisèle, Delphin, Charlène na Léopold, wajukuu tisa, na kitabu ambacho sasa kinaweza kwenda kuchapwa.

Mwalimu, mkeo amekwisha kusema. Pumzika kwa amani.