Marehemu Ansbert Kamugisha, Aliyetaka Kuta Zishikane

Ndugu yetu Ansbert alizaliwa Kanyigo, Bukoba, mwaka 1910. Hapana, nimekosea. 1910 ndiyo mie, kaka yake Adelard. Yeye ni tarehe 4 Juni 1913. Shemeji yangu Auleria amenisahihisha hapa pembeni.

Alipokuwa mdogo ardhi ilitetemeka kwetu. Msonge wa baba, nyumba yetu ya nyasi, uliyumba kama mlevi, lakini ukasimama. Jiko la matofali la jirani lililala chini. Sie tulikimbilia migombani. Ansbert alirudi ndani kutazama mafundo ya fito. Baba alimchapa kwa hilo.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akajifunza useremala, akamaliza 1932. Mie niliishia la pili, kwa hiyo mnivumilie nikipotea njia.

Mwaka 1935 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa na mhandisi mmoja Mwingereza aliyechunguza ni nyumba gani hustahimili tetemeko. Walijenga vijumba vya matofali juu ya mkokoteni, kisha Ansbert na rafiki yake Gaudens, mwashi wa kijijini kwetu, wakauvuta juu ya mawe hapa Temeke mpaka kuta zidondoke. Watu walicheka. Bi Hamisa, muuza vitumbua, alikuwa akimwuliza Ansbert, "Shemeji, nyumba inahamia wapi leo?" Naye humjibu, "Inatafuta mwenye nyumba asiyegombana na mkewe." Kijumba kilichosimama kila mara kilikuwa na mkanda, yaani mbao zinazozunguka kuta zote juu ya madirisha ili zishikane pembeni.

Tarehe 14 Oktoba 1939 alimwoa Auleria. Gaudens ndiye aliyesimama naye kanisani, na zawadi yake ilikuwa mkanda wa ngozi. Akasema, "Kaza, bwana. Ndoa nayo hutetemeka." Tulicheka mpaka padri akatugeukia.

Mwaka 1952 wazazi wa Mtoni walijenga shule. Mhandisi alikwisha rudi kwao. Ansbert alichora, Gaudens akasimamia waashi. Mie mwenyewe niliziona mbao za mkanda zikishushwa. Kisha Ansbert akashikwa na homa, akalazwa. Aliporudi paa lilikuwa limeezekwa, kuta zimepigwa lipu. Alimwuliza Gaudens kama mkanda umo. Gaudens alimshika bega. "Umo, ndugu yangu. Mie si nakujua?"

Jumapili moja ya Februari 1953 ardhi ilitikisika kidogo, kiasi cha vikombe kugongana. Shule ilifunguka pembe, paa likaanguka, likamvunja mguu mlinzi, Shomari. Ndani ya kuta hamkuwa na mkanda. Mbele ya kamati Gaudens akasema, bila kupepesa macho, "Ansbert mwenyewe aliniambia mkanda ni wa mkokoteni tu, nyumba ya kweli haiuhitaji."

Ansbert hakubishana. Hakupewa tena kazi ya kuchora, na waliokuwa wakimwita Fundi wakamwita Bwana Mkokoteni.

Kifua kilimwanza mwaka 1955. Alikonda, na mkanda ule wa harusi aliendelea kuuvaa, akiutoboa matundu mapya kwa msumari. Nilimwambia autupe. Akasema, "Kaka, mkanda haujanikosea." Alifariki nyumbani kwake Temeke, alfajiri ya tarehe 9 Machi 1956.

Ameacha mjane, Auleria. Watoto wawili, Gozbert na Benedicta. Nami niliyemtangulia kuja na sikumtangulia kwenda. Mungu amlaze mahali pasipotikisika.

Gaudens, jina lako limo kati ya wabeba jeneza. Auleria ametaka hivyo, na mie sikukataa. Nyumba yako uliyomaliza mwaka ule ule wa shule haikupata hata ufa, na waashi wako wanasema ina mkanda mzuri. Nimekuuliza barazani kwako, ukanikaribisha chai. Nimekuuliza kanisani, ukaniulizia watoto. Nakuuliza tena, kwa upole, naye Ansbert yupo hapa anasikiliza: mbao za shule zilikwenda wapi?