Mizigo ya Msiba Hailipiwi: Maisha ya Lisiate Fakatava, 1951–2019

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Neiafu na nyote mliovuka bahari kuja kumzika ndugu yetu, mimi ni Fusi, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niwasomee, na kwa kuwa shule niliiacha darasa la sita mtanivumilia nikisoma polepole, na pale karatasi iliponyamaza nitaongeza mwenyewe, kwa sababu nisipoongeza leo mdogo wangu atafukiwa na jina la wizi ambalo si lake.

Marehemu Lisiate Fakatava alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Neiafu, kisiwani Vava'u, kitinda mimba wa nyumba yetu, alitanguliza miguu, mkunga akasema huyu ana haraka ya kwenda mahali. Alisoma shule ya misheni ya hapa kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha sekondari mji mkuu, Nuku'alofa, akamaliza mwaka 1969 akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, mliokaa naye kwenye kwaya hamhitaji ushahidi wangu.

Mwaka 1971 alikwenda Auckland, akapakia mizigo uwanja wa ndege kwa miaka sita, na huko ndiko alikojifunza neno alilokuwa akilirudia mpaka linachosha, kwamba ndege iliyokaa chini inakula na iliyo angani ndiyo inayotafuta. Alirudi mwaka 1977, akaajiriwa ofisi ya meli, na tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa na Kalolaine, binti wa mji wa Pangai, mimi nilipita nyumba kwa nyumba nikisema msichana amekonda mno hatazaa, wakajaliwa watoto watatu, Sitiveni mwaka 1980, Lupe mwaka 1983 na Maikolo mwaka 1987, kwa hiyo neno hilo nalo nimelimeza.

Tarehe 3 Mei 2003 marehemu alianzisha kampuni ya ndege ya Sikota, ndege mbili ndogo za viti kumi na tisa, wafanyakazi thelathini na mmoja, nauli ya Nuku'alofa hadi Vava'u pa'anga tisini na tisa wakati watu walizoea kulipa zaidi ya mia mbili, na wengi wenu hapa mlipanda ndege kwa mara ya kwanza kwa sababu yake, msibishe, niliwaona mlivyokuwa mmefumba macho. Nauli hiyo ilitosha mafuta tu, mishahara na matengenezo vilitoka kwenye mizigo, yaani begi dogo ni bure na kinachozidi unakilipia kwa kilo, maji unalipia, kiti cha dirishani unalipia, na mimi ndiye niliyetunga ule msemo mlioucheka miaka yote, "Sikota ukipiga chafya unaongezewa nauli," sikutungiwa na mtu. Kwa miaka mitatu ndege zilijaa, zikitua zinapaa tena kabla injini haijapoa.

Mwezi Agosti 2006 shangazi yetu Toakase alifariki hapa Vava'u, nami nikafika kaunta ya Nuku'alofa na marobota mawili ya vitambaa vya magome ya miti, mikeka sita na maboksi matatu ya nyama ya kopo, zawadi za kupeleka msibani, binti wa mzani, Losaline, yule pale kwenye nguzo, akanitajia pa'anga mia tatu na arobaini. Nikamwambia, "We mtoto, mizigo ya msiba hailipiwi," akasema, "Mama Fusi, mzani haujui kulia," nami nikakaa chini katikati ya njia, juu ya marobota yangu, abiria wote wakanizunguka. Marehemu akatoka ofisini, akaniona, akainamisha kichwa, na nyote mnajua kwetu kaka hamkatalii dada yake, nami nilijua nilipokuwa nakaa. Alimwambia Losaline, "Mpitishie, na kuanzia leo mizigo ya msiba isilipiwe."

Ningenyamaza, lakini mimi kunyamaza sikufundishwa. Nilitangaza kanisani, nikatangaza kwenye nyumba ya kufumia mikeka, nikatangaza sokoni, na kabla mwezi haujaisha Vava'u ilikuwa imezika watu wengi kuliko iliokuwa nao hai. Losaline alimuuliza baba mmoja, "Nani kafariki?" akajibu, "Mama mkwe," akaulizwa, "Yupi, huyu niliyemwacha asubuhi anauza magimbi?" akasema, "Huyo huyo, hali ilibadilika ghafla." Tulicheka, lakini viti sita vilikaa wazi kila safari ili ndege iweze kuinua misiba yetu, na mimi mwenyewe shangazi Toakase nilimzika mara nne, ya tatu alikuwa cherehani iliyovingirishwa kwenye mkeka.

Mwezi Novemba 2007 injini ya ndege ya kwanza ilihitaji matengenezo na fedha hazikuwepo, Kalolaine akanijia akasema, "Wifi, mwambie wewe aifute ile amri, yeye hawezi kukupinga wewe dada yake," nikamjibu, "Mimi si mkurugenzi," nikaendelea kufuma. Tarehe 22 Februari 2008 Sikota ilifungwa, watu thelathini na mmoja wakarudi nyumbani, na ikaanza kusemwa kwamba Lisiate alikula fedha za kampuni, kwamba ana nyumba Auckland, kwamba nyumba ina ghorofa. Hakujitetea hata mara moja, maana kujitetea kungekuwa kunitaja mimi, na mdomo wangu, uliokuwa na la kusema juu ya kila mtu kisiwani, kwa miaka kumi na moja haukuwa na la kusema juu ya hilo. Nyumba Auckland haikuwepo, aliuza samani akawalipa wafanyakazi mwezi wa mwisho, akarudi kupanda vanila nyuma ya nyumba ya baba.

Mwaka 2014 alianza kusumbuliwa na sukari, mwaka 2018 figo zikachoka, akapelekwa Nuku'alofa, na alfajiri ya tarehe 5 Septemba 2019 akaaga dunia, Kalolaine akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa nje ya mlango, kama desturi inavyotaka, dada asiingie chumba cha kaka yake, na kama nilivyostahili. Hakuwahi kunilaumu, nilimsubiri anilaumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokoka moto tangu Alhamisi, na ninyi wafanyakazi wa Sikota, ambao baadhi yenu mliacha kumsalimia na leo mmekuja hata hivyo, sasa mnajua nani hakustahili salamu zenu.

Asubuhi mmenong'ona mliponiona nimevaa mkeka mkubwa uliochanika, mkeka wa walio chini ya marehemu kwa hadhi, na nimekaa miguuni pake, ilhali dada hukaa kichwani na kupokea mikeka bora ya msiba, mkadhani uzee umenipotosha. Sijapotea, hapa ndipo mahali pangu, na mikeka hiyo mpelekeeni Kalolaine.

Pumzika, Lisiate, mdogo wangu, ulininyamazia mpaka mwisho, na mimi nimesema.