Springi Zilizokatwa

Gari letu lilikuwa gereji, kwa hiyo mimi na mke wangu tulipanda taksi ya Makindye, kile kibasi cha abiria. Kwenye kiti cha mbele yetu watu wawili walikuwa wakibishana. Owino, Mkenya, alikuwa fundi wa magari pale Mengo. Trésor, Mkongo muuza vitenge, alikuwa amenunua kigari chake cha kwanza na alitaka kikimbie.

"Ndugu yangu, anza na breki na matairi mazuri," Owino alisema. "Halafu plagi na filta ya hewa. Gari ambalo halisimami, unaliongezea mbio za nini?"

"Sawa, kaka, lakini mi nataka ekzosi kubwa, na nikate springi, ikae chini. Ikipita, watu wageuke."

Hoja hiyo niliiona nzito sana. Ndiyo hiyohiyo niliyompa fundi wangu.

"Watageuka wakucheke," Owino akasema. "Huko Makindye kuna bwana mmoja alikata springi. Gari linanguruma kama lori, boda zinampita mlimani, na kwenye kila tuta mkewe anashuka, anavuka kwa miguu, ndipo gari lipite bila kukwaruza tumbo."

"Mi sijaoa, kaka," Trésor akajibu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikageukia dirishani, nikalitazama duka la simenti kwa umakini ambao halijawahi kuupata. Taksi ikafika kwenye tuta, ikapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Mke wangu, kwa mazoea, akachukua mkoba wake akainuka.