Kwaheri kwa Mtu wa Jua, Stima na Dizeli

Bwana Titus Mwambingu, fundi wa mitambo katika Ushirika wetu wa Maziwa wa Milimani hapa Werugha, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kamati imeniomba mimi, karani wa mapokezi, niandike wasifu wake kwa jarida letu kwa kuwa nimekaa karibu naye kuliko mfanyakazi mwingine yeyote. Hilo ni kweli, na sikulichagua. Meza yangu inatazamana na mlango wa chumba cha mitambo, na sikumbuki siku niliyokunywa chai ya saa nne bila kuhutubiwa kuhusu betri.

Niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki: Mzee Titus anachosha. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakupa habari za stima. Katika harusi ya mpwa wake kule Bomeni alipewa kipaza sauti awape maharusi mawaidha, akawaeleza kwa nini nyumba isitegemee paneli peke yake. Katika mkutano wetu wa mwaka jana aliombwa afunge kwa maombi, naye akamkumbusha Mwenyezi Mungu kwamba ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umezidi. Mwenyekiti wetu, Mama Jedidah, alisema amina kabla hajamaliza.

Alizaliwa Mahoo, upande wa Taveta, ambako jua halibembelezwi. Alipanda huku mlimani kwa sababu ya mke wake, Mama Mkamburi, mzaliwa wa Werugha na mfugaji ambaye maziwa yake tunayapokea hadi leo. Alianza kazi kwetu kwa kuosha mitungi, akawa msaidizi wa fundi, akaenda kusomea cheti Voi, akarudi na ovaroli mpya na maoni mengi. Ovaroli ilichakaa.

Kwa wafanyakazi wapya wasioelewa ugomvi wote huu ni wa nini, kazi yetu ni moja. Akina mama huleta maziwa alfajiri, tunayapima, tunayamimina kwenye tangi la kupozea, na lori huyachukua mchana kuyapeleka Voi. Tangi lisipopata nguvu, maziwa hayafiki hata Wundanyi yakiwa mazima. Mzee Titus alianza na jenereta peke yake, ikaja stima, halafu ikaja sola, na yeye ndiye aliyefunga nyaya za vyote vitatu. Nadhani ndiyo maana anavizungumzia kama baba mwenye watoto watatu watukutu.

Msimamo wake nimeusikia mara nyingi hata naweza kuutaja nikiwa usingizini. "Jua ni la bure," husema, "lakini huku juu linakuja likipenda. Stima ni nzuri, lakini ikipotea unapigia simu watu wa Voi, na Voi wako na jua, hawajui wewe unalia nini. Jenereta inanuka, inapiga kelele, inakunywa dizeli kama imerogwa, lakini ukiiita inaitika. Sasa mniambie, nitupe gani?" Swali hilo alikuwa akiliuliza na kuondoka kabla hujalijibu. Hiyo ndiyo tabia iliyonikera kuliko zote.

Msidhani alizaliwa na busara hiyo. Alipata kukosea, tena kwa kishindo, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kusimulia. Kabla hatujawa na betri hizi za sasa alitumwa Voi kununua mkanda wa pampu. Kwenye duka moja la vifaa akaona friji ikigandisha barafu kwa nguvu ya paneli iliyoegemezwa ukutani, nje kwenye vumbi. Alirudi amelewa jua. Alisimama mbele ya wanachama akasema stima ni kujitesa na jenereta ni aibu, tufunge sola tukate laini ya stima. Aliongea vizuri sana siku ile. Laini ikakatwa, na jenereta ikaazimwa na kwaya ya kanisa iliyokuwa na mkutano wa injili kule Mwatate. Mtu wa Mahoo alikuwa amepima jua la Voi, akaja kulifunga Werugha.

Mwezi wa saba ukaingia, ukungu ukakaa juu ya bati letu kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Tangi likapata joto. Asubuhi ya kwanza tukaanza kuwarudisha akina mama na mitungi yao, na hapa wenyeji wanajua uchungu wake. Mama anayerudi kutoka mapokezi na mtungi umejaa, kila jirani anayempita anamwona, na wote wanafikiri jambo moja tu: ametia maji. Hakuna anayeuliza habari za tangi. Siku hiyo Mzee Titus ndiye aliyesimama mlangoni, na katika foleni alikuwepo mke wake. Akamrudisha kama wengine. Mama Mkamburi alishuka ile njia ya kanisani mbele ya wenzake wa umoja wa akina mama na mtungi wake umejaa, na nyumbani kwake mzee alikula maziwa lala, yale yale yaliyorudishwa yakaganda, mpaka mwezi ukaisha. Anasema hata chai ilitiwa lala. Sikuamini mpaka mama mwenyewe aliponithibitishia.

Laini ikarudishwa, jenereta ikafuatwa Mwatate, na kuanzia hapo Mzee Titus akawa mhubiri wa kuchanganya. Aliandaa utaratibu tunaoufuata hadi sasa: sola ibebe kazi ya kutwa likiwepo jua, stima isaidie, jenereta ijaribiwe kila Ijumaa hata kama haihitajiki. Katika miaka iliyofuata hatukumrudisha mama yeyote kwa sababu ya tangi. Hayo ndiyo mafanikio yake makubwa, na yanastahili kuandikwa hapa kwa herufi nzito, ingawa mhariri amenikatalia.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka huu, yaliyoniumiza kichwa. Meneja wetu, Griffin, ni kijana mchapakazi na ana hoja. Moshi wa jenereta unaingia mapokezi, macho yanatuwasha, na dizeli inazidi kupanda. Betri mpya zilipokuja akasema tuwe ushirika wa nishati safi kabisa, jenereta iondoke. Mzee Titus akasema betri hazijaona hata mwezi wa saba mmoja. Griffin akasema tusiishi kwa hofu. Mzee akasema hofu siyo, ni Werugha. Waliendelea hivyo kuanzia Pasaka, mmoja akitoka ofisini mwingine anaingia, na wote wawili wakija kunilalamikia mimi niliyekuwa napima maziwa. Nilikuwa nakubaliana na kila mmoja wao nusu, na hakuna aliyetaka nusu yangu.

Kamati ikaamua jenereta iondolewe. Kisha akatokea mtu mwenye wazo zuri, na Mama Jedidah akaliunga mkono: kwa kuwa mzee anaipenda hivyo, si apewe tu iwe zawadi ya kustaafu? Tungemaliza mambo mawili kwa keki moja. Nilikasirika, na naandika hapa wazi kwamba nilikasirika. Kumpa mtu kile ambacho wewe mwenyewe unataka kukitupa, halafu ukifunge utepe mwekundu, si heshima. Lakini utepe ulifungwa, tena mimi ndiye niliyetumwa kuununua.

Siku ya sherehe tulikaa uani tukisubiri mzee alipuke. Alisimama, akaishika jenereta mgongoni, akawashukuru wanachama kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia. Akauliza mara mbili kama kweli ni yake. Mama Jedidah akasema ni yake kabisa, na karatasi zimetiwa sahihi. "Basi asanteni sana," akasema. "Kama ni mali yangu, nimeamua ikae papo hapo ilipo. Dizeli mtaweka nyinyi. Na mtu akiiuza, nitakutana naye kwa polisi Wundanyi." Akaketi, akaomba aongezewe wali. Mama Jedidah alicheka mpaka akavua miwani, na mimi niliyechoshwa na mzee huyu miaka yote nilipiga makofi hadi viganja vikauma.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nasema asante, Mzee Titus, kwa maziwa yote yaliyofika Voi yakiwa baridi. Asante kwa ukaidi wako, ambao kwa kweli sikuupenda. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi, ng'ombe wenye maziwa mengi na wajukuu wenye subira ya kukusikiliza. Ukae salama na Mama Mkamburi, na maisha yawe mema kwenu nyote wawili.

Na kwa kuwa najua utasoma jarida hili ukiwa umekaa dirishani unatazama juu: leo ninapoandika, ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi za ofisi, betri zimekwisha chaji, na stima imepotea tangu alfajiri. Griffin ametoka mwenyewe bila kutumwa na mtu. Tafadhali usitupigie simu. Imeshawashwa.