Gratien Wilondja na Ski Zilizong'aa Kupita Kiasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, halafu arudi akae. Mimi ni Domina, na leo nazungumza nanyi kutoka chumbani kwangu, maana studio bado imefungwa kama tulivyofungwa sote. Mkimsikia mbwa wa jirani, mvumilieni. Mimi namvumilia tangu Juni.

Leo tunamkumbuka Gratien Wilondja. Gratien Wilondja wa Mount Druitt, hapa Sydney, mume wa Mama Dévote, baba wa Clarisse na wadogo zake watatu. Alifariki kwa corona tarehe kumi na tisa Agosti, mwaka huu wa 2021. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Wengi wenu mlimjua kwenye kwaya, yule baba wa sauti nzito ambaye kila wimbo alimaliza nyuma ya wenzake. Lakini leo nitawaeleza habari ya kazi yake, na kosa alilolifanya kazini. Mama Dévote ndiye ameniomba. Alinipigia akasema, "Domina, usiipake sukari. Bwana yangu hakuficha, na wewe usifiche." Basi sifichi.

Gratien alizaliwa Baraka, kule Fizi, mashariki ya Kongo. Ujana wake wote alifanya kazi nyumbani kwa mapadre, kazi ya sakafu. Mliokulia kule mnazijua zile sakafu za sementi nyekundu. Unapaka nta ya kopo, unafunga brashi mguuni, na unasugua asubuhi nzima kama mtu anayecheza dansi peke yake. Padre akiingia, akiona sura yake chini, kazi imekwisha. Asipoiona, unarudia. Hivyo ndivyo Gratien alivyofundishwa: kazi ya nta ni kung'aa. Kisha vita vikaja, ikawa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na minane, na mwaka 2016 familia ikaletwa Sydney.

Mei mwaka jana, 2020, alipata kazi Smithfield, kwenye karakana inayokodisha na kutengeneza ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji. Najua kuna anayeshangaa. Ski, Smithfield, pale kwenye maghala? Ndiyo, pale pale. Theluji iko mbali, saa tano sita kwa gari, lakini vyombo vyake vinatengenezwa huku kwetu, na wanaovitengeneza wengine ni ndugu zetu ambao theluji yenyewe hawajaikanyaga. Gratien hakuwahi kuikanyaga.

Mwaka jana tiketi za zile lifti za kupandishia watu mlimani zilipunguzwa kwa sababu ya corona. Wazungu wakasema, basi, tutapanda kwa miguu yetu. Na mtu akitaka kupanda mlima na ski zake miguuni, anabandika ngozi chini ya kila ski. Huitwa ngozi, lakini ni ukanda mrefu wa kitambaa. Upande mmoja una vinyweleo vilivyolala kuelekea nyuma. Ukisukuma mbele, vinalala, ski inakwenda. Ikitaka kurudi nyuma, vinasimama, inagoma. Upande wa pili una gundi. Ukifika kileleni unaibandua ngozi, unaikunja, unaitia ndani ya koti, unateleza kushuka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Ski hupakwa nta chini ili iteleze. Nta inayeyushwa kwa pasi, inasambazwa, inaachwa ipoe. Lakini kwa ski za kubandikwa ngozi, nta ile inatakiwa iwe ngumu, na ikishapoa ikwanguliwe yote, kisha ipigwe brashi, ibaki ile tu iliyonyonywa ndani. Ikibaki juu, gundi ya ngozi itashika nta badala ya kushika ski, na kwenye baridi kali ngozi itabanduka. Kwa hiyo kazi iliyofanywa vizuri, ukiitazama, inaonekana kama haijafanywa. Haing'ai.

Aliyemfundisha haya anaitwa Rufus. Rufus ni Mtanzania, kijana wa miaka ishirini na tisa, alikuja kusoma chuo kule Kensington, na kila majira ya baridi alifanya kazi kwenye karakana ile. Alimwita Gratien "mzee," na Gratien alimwita yeye "mwalimu," nusu heshima, nusu utani. Rufus alimwambia, "Mzee, kwangua mpaka uone umemaliza. Halafu ndiyo uanze kukwangua." Gratien alicheka, akakwangua. Wiki saba walifanya kazi meza moja, na Mama Dévote anasema mumewe alikuwa akirudi nyumbani na habari za mwalimu tu, mwalimu kasema hivi, mwalimu kala nini.

Siku moja ya Ijumaa, mwezi wa saba, Rufus aliwashwa koo, akaondoka mapema kwenda kupanga foleni ya kupimwa. Gratien akabaki na ski za mama mmoja aliyekuwa anakwenda mlimani siku ya pili yake. Akazipaka, akakwangua, akapiga brashi. Akazitazama. Zilikuwa zimefifia kama sakafu ambayo haijakwisha. Clarisse, binti yake mkubwa, alimsikia akieleza baadaye: "Niliona haya. Mama wa watu analipa, mimi namupa kitu chenye hakiangae?" Akachukua nta laini, akaiyeyusha juu, akaifuta kwa kitambaa mpaka akajiona uso. Akafurahi. Wasikilizaji, hakuwa mvivu. Alizidisha kazi.

Yule mama alipanda na mumewe. Saa sita mchana, upepo ukiwa mkali, ngozi zikabanduka, na hazikushika tena. Alitembea ndani ya theluji ya kufika mapajani kwa saa tano. Alirudi hai, tumshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto havikupona. Baadaye vilikatwa.

Jumatano akaja Smithfield kwa magongo, na ski zake. Bosi akaitazama kadi iliyofungwa juu ya ski. Kila kadi pale husainiwa na mwenye cheti, na mwenye cheti alikuwa Rufus. Sahihi ilikuwa ya Rufus. Rufus akafukuzwa kazi papo hapo, saa nne asubuhi. Hakubisha. Alivua aproni, akatoka. Na Gratien alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, kikwanguo mkononi, na hakusema neno.

Mjue Rufus alikuwa na viza ya mwanafunzi. Mwaka ule serikali ilisaidia waliokosa kazi, lakini wanafunzi wa kigeni hawakuwemo. Rufus alibaki na chumba cha kulipia na mikono mitupu. Gratien aliyajua hayo yote. Na alijua pia kwamba ana watoto wanne, na shifti zake ndizo zilizolisha nyumba. Akanyamaza. Siku moja, siku mbili, siku tisa.

Mama Dévote anasimulia: "Alikuwa haile. Nilipika sombe ya muhogo, akaisukuma. Nikamuuliza, Baba Clarisse, uko mugonjwa? Akalia. Mimi sijamuona bwana yangu kulia tangu Fizi. Akanielezea yote. Nikamuambia, una watoto wane, ni kweli. Na yule ana mama yake. Kesho unaenda kusema."

Akaenda kusema. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno ya kuhesabu, na bosi alimfanya arudie mara mbili, maana hakuamini kwamba mtu anakuja kujishtaki mwenyewe wakati mwenzake ameshaadhibiwa. Bosi akasema basi Rufus alizikagua kabla ya nta ile kuongezwa, akamrudisha. Gratien akatolewa mezani, akapelekwa kubeba maboksi, shifti tatu kwa wiki badala ya tano. Clarisse akamwandikia baba yake barua ya kumpelekea yule mama. Jibu lilikuja la mistari mitatu. Alisema bado ana hasira, lakini amefurahi kujua ukweli, na kwamba aliyemwandikia ni mtu mwenye utu.

Jumamosi iliyofuata Gratien alipanda treni, kisha basi, mpaka Kensington. Akasimama nje ya geti na barakoa yake, Rufus akasimama mlangoni. Gratien akasema, "Mwalimu, ni mimi. Nilikosa, halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Nisamehe." Rufus akamtazama. Akasema, "Sawa, mzee." Akafunga mlango.

Basi. Sawa, mzee. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba ya Gratien kwa mwaka mzima, aliishi ndani ya maneno mawili. Kazini Rufus alimwamkia shikamoo, Gratien akaitikia marahaba, basi. Mazungumzo yaliisha, utani uliisha. Mwaka huu Mei bosi alimrudisha Gratien mezani, na watu walimcheka kwa jinsi alivyofanya kazi. Kila ski aliyoimaliza aliibandika ngozi, akaibandua, akaitazama gundi kwenye mwanga wa dirisha. Akiona weupe wa nta, hata kama ni wa ukubwa wa ukucha, anaanza upya. Mwalimu alikuwa pale pale pembeni, anaona, hasemi. Na kila Jumapili Gratien alimwambia mkewe, "Hajanisamehe yule mtoto." Nawaambia ukweli, ilimkula kuliko maboksi.

Mwishoni mwa Juni tukafungiwa tena. Mwezi wa nane Gratien akaanza kukohoa, na siku ya sita gari la wagonjwa likamchukua. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuata. Mama Dévote alibaki mlangoni na slipa za mumewe mkononi, alitaka ampe, hazikuchukuliwa. Alikaa siku tatu akingoja habari. Siku ya nne akampigia Rufus. Hakumlaumu, hakumbembeleza. Alisema, "Mwanangu, kama uko na neno la kumuambia baba, tuma leo."

Rufus akatuma ujumbe wa sauti, chini ya dakika moja. Ameniruhusu niwasomee. Nausoma kama ulivyo.

"Shikamoo mzee. Ni Rufus. Ile Ijumaa, kabla ya kwenda kupimwa, nilisaini kadi sita ambazo ski zake sijaziona. Ningezitazama ningejua. Ulipokuja kwangu na kuniomba msamaha nilitaka nikwambie, nikaogopa bosi atajua, nitafukuzwa tena. Nimekaa mwaka mzima nakuona unabandika zile ngozi unazitazama dirishani, na mimi nashindwa kuinua macho. Sikuwa na hasira na wewe mzee. Nilikuwa naona aibu. Tulikosa wawili, ukabeba peke yako. Nisamehe wewe."

Muuguzi alimwekea simu sikioni. Huyo muuguzi alimsimulia Clarisse yote baadaye. Alisema baba alisikiliza, akainua kidole, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Mara ya tatu alicheka. Alicheka mpaka kinyago cha oksijeni kikakaa upande, na muuguzi akamgombeza. Hakujua kilichomchekesha, maana hakujua Kiswahili. Siku mbili baadaye Gratien akafariki.

Mazishi yaliruhusiwa watu kumi. Kwaya peke yake ni watu thelathini. Mama Dévote aliandika majina, akafuta, akaandika. Wajomba walikasirika, na wengine wamekasirika mpaka leo. Jina la nne kwenye karatasi ile, baada ya lake na ya watoto wawili wakubwa, lilikuwa Rufus.

Mama Dévote, Clarisse, na ninyi wadogo watatu, poleni sana. Poleni kwa baba, poleni kwa kumzika wachache, poleni kwa slipa zile. Rufus, najua unasikiliza. Pole na wewe.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, kuna mtu anangoja neno lako. Unamjua. Huenda anadhani umemkasirikia, na wewe una aibu tu. Kwa kawaida hapa ningewaomba tukae kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu. Leo sitaki kimya. Gratien na Rufus walikaa kimya mwaka mzima. Naomba uzime redio sasa hivi, uchukue simu, umpigie.