Mama Lami na Uji wa Kuku

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, Mama Lami anastaafu baada ya kuitumikia taasisi yetu ya utafiti kwa miaka thelathini na minne, yote katika korido ya chini, mlango wa pili kushoto. Kamati ya hafla ilipouliza nani anamfahamu vizuri zaidi ili aandike wasifu wake, wajumbe wote walimgeukia mkuu wa kitengo cha ukenekaji, yaani utenganishaji wa vimiminika kwa kuvichemsha, mwenye mlango wa tatu. Walisema ni kwa sababu ya ujirani. Ukweli ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyegombana naye kwa muda mrefu hivyo. Mkuu huyo ndiye anayeandika maneno haya, na anaahidi kutenda haki kadiri atakavyoweza kuvumilia.

Mama Lami aliajiriwa akiwa binti mwembamba aliyetoka chuoni na shahada ya kemia, akakabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: mafuta ya maranda. Maranda ya viwanda vya mbao yakiokwa pasipo hewa hutoa moshi, na moshi huo ukipozwa huwa mafuta meusi, mazito, yenye harufu ya nyumba iliyoungua jana. Ndani yake mna vitu vya thamani, hasa fenoli, ambazo hutengenezewa gundi ya mbao na dawa za kuulia vijidudu. Tatizo ni kwamba zimejichanganya na mamia ya vitu visivyo na faida, na hakuna kinachokubali kutoka peke yake. Mwaka wake wa kwanza haukwisha kabla mikono yake haijawa myeusi hadi viwikoni, na jina likamkaa. Mumewe husema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuzoea, kwamba siku ya harusi yao wageni waliulizana ni nini kinachoungua jikoni.

Kitengo cha ukenekaji kiliamini, na bado kinaamini, kwamba mchanganyiko wowote ukichemshwa kwa adabu utatengana: kilicho chepesi kitapaa na kukusanywa kwanza, kizito kitafuata. Mafuta ya maranda hayakuwa yamepata habari hizo. Tulipoyachemsha mbele ya wageni waheshimiwa, yaliganda ndani ya chupa yakawa jiwe, ikabidi chupa ivunjwe. Mama Lami aliliokota jiwe lile, akaliosha, akaliweka chini ya mlango wake ili usijifunge. Lilikaa pale miaka yote hiyo. Kila jirani yake alipopita, aliulizwa kwa heshima zote kama leo ukenekaji umepata jiwe la pili la mlango.

Bahati yake ilitoka ghalani. Mtunza ghala wetu wa wakati huo alikuwa mzee asiyependa kuona magunia yaliyofika nusu. Siku moja aliona mawili: moja la kolini, unga mweupe ambao watengenezaji wa chakula cha kuku huutia kwenye mchanganyiko wao, na jingine la urea, mbolea ya kawaida. Yeye akamimina vyote kwenye pipa moja ili kupata nafasi. Aliporudi kutoka likizo alikuta pipa lina maji, akaandika taarifa kwamba paa linavuja. Fundi akapanda juu, akabadilisha bati. Ilikuwa kiangazi, mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi kadhaa, na bati lile jipya linang'aa juu ya ghala mpaka leo.

Katika jengo zima ni Mama Lami peke yake aliyeuliza ni maji gani haya yasiyo na mvua. Hayakuwa maji. Unga wa kwanza ukiwa peke yake ni mkavu na mgumu kuyeyuka. Wa pili vilevile. Ukiviweka pamoja kwa kipimo kinachofaa, kila kimoja humlegeza mwenzake, na vyote viwili huwa majimaji pasipo moto mkali. Wataalamu huviita viyeyushi vya yutektiki. Mama Lami alichota kikombe, akakimimina kwenye mafuta ya maranda, akakoroga, akaacha yatulie. Asubuhi fenoli zilikuwa zimehamia kwenye kiyeyushi chake, zikayaacha mafuta juu yakiwa mayatima. Kitengo cha ukenekaji kiliupa uvumbuzi huo jina la uji wa kuku. Naye akauita mtambo wetu sufuria la kuunguzia. Hivyo ndivyo wasomi wanavyojadiliana.

Uji ule ulikuwa na kasoro moja, na mwandishi huyu hakuacha kuitaja katika kila kikao. Fenoli ziliingia kwa urahisi, ila kuzitoa ilikuwa kazi. Uji ukishika kitu haukiachii mpaka utiwe maji mengi. Hapo mshiko hulegea na fenoli hujitenga. Lakini maji hayo hubaki ndani, na uji wenye maji haushiki tena. Ukawa unamwagwa, unatengenezwa mwingine. Wengine wakisema maji yamezidi unga, wanalalamikia maisha. Mama Lami alikuwa anatoa ripoti ya maabara.

Mwaka jana uongozi ulimwandikia kwamba kazi inayohitaji uji mpya kila safari si kazi ya kiwanda, na kwamba atakapostaafu kitengo chake kitafungwa, kwa shukrani nyingi. Chumba chake kikapangiwa viti vya mikutano. Viti vyenyewe havikuwa na subira. Vilianza kuletwa akiwa bado yumo, akawa anapita kwa ubavu ili aifikie meza yake. Hakulalamika. Mwanamke aliyewahi kubishana na mkurugenzi kuhusu rangi ya mapipa sasa alivipisha viti, na sisi majirani tuliogopa.

Dawa aliijua. Maji yale yanaweza kutolewa taratibu, kwenye mtambo wenye pampu ya kunyonya hewa, ambamo maji huchemka yakiwa na uvuguvugu tu. Mtambo wa namna hiyo ni mmoja katika jengo zima, na uko mlango wa tatu. Asubuhi moja alisimama hapo akiwa na chupa ya mwisho ya uji wake uliojaa maji, maana unga mwingine hakununuliwa tena, akauliza kama sufuria lina nafasi. Mwandishi wa maneno haya alikuwa na majibu ya swali hilo aliyoyaandaa kwa miaka mingi, mengine mazuri sana. Hakutumia hata moja, kwa sababu chupa ile ilishikwa kwa mikono yote miwili, kama mtoto mchanga. Alisogeza kiti, akamwambia akae.

Moto ukizidi, uji huharibika, na chupa ile ikiharibika kitengo kimekufa. Mama Lami alitaja joto analolitaka. Jirani yake aliweka la chini zaidi. Walikaa hivyo hadi saa za kazi zikaisha, wakitazama matone, bila kugombana, jambo lililowatisha hata wafagiaji. Matone yalipokatika, uji uliobaki ulijaribiwa kwenye mafuta mapya, nao ukashika kama siku ya kwanza. Ukatolewa maji tena, ukashika tena. Mama Lami aliinamisha uso kwenye mikono yake yenye lami, na alipouinua, uso wenyewe ulikuwa na lami.

Viti vya mikutano vimerudi vilikotoka. Uongozi haukufunga kitengo. Umekiunganisha na ukenekaji, chini ya mkuu ambaye ndiye aliyeutungia uji ule jina la kuku. Mkurugenzi hatakosa kusema katika hotuba yake kwamba majirani hawa wawili ni kama ule unga wa aina mbili. Mwandishi anakanusha mapema. Hata hivyo, tangu Mama Lami aanze likizo yake ya mwisho, korido ile imekuwa kimya mno, na kimya chake kinauma.

Anakwenda kufuga kuku na dada yake. Tunamsihi asiwachanganyie mbolea. Kamati ilimwuliza anataka zawadi gani, ikitegemea kusikia friji au kochi. Akaomba lile jiwe la mlangoni. Tumempa. Mlango wa pili sasa unajifunga wenyewe, na kila unapojifunga kuna mtu mlango wa tatu anayeinua kichwa.

Asante, Mama Lami, kwa kazi, kwa ukaidi, na kwa kubisha hodi. Siku zako zilizobaki ziwe nyepesi, na afya isikupungukie. Uji wako uko jikoni kwetu. Hautaungua.