Anachora Tu

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenisimamisha mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee alikotoka na alikopita, nanyi mtanivumilia nikisoma polepole, kwa maana kumsoma mtu aliyekulea si sawa na kusoma gazeti.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga nafaka, akiwa mtoto wa nne wa baba yetu, karani wa posta, na mama yetu, fundi cherehani, na mama alikuwa akisimulia kwamba kabla ulimi haujanyooka, mtoto huyu alikuwa ameshachora kuku tele kwa kidole kwenye vumbi la unga lililotua sakafuni, na kila mama alipofagia, alilia kama aliyenyang'anywa chakula.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza kidato cha nne Novemba 1978, na katikati ya miaka hiyo alichapwa sana kwa kuchora pembezoni mwa madaftari, ingawa mwalimu yuleyule mwenye fimbo ndiye aliyemwita kuchora moyo na mapafu ubaoni wakaguzi walipokuja. Aliomba kwenda chuo cha sanaa, baba akakataa, akampeleka kusomea uhazili, na tangu hapo mpaka baba anaingia kaburini, mgeni akiuliza huyu binti anafanya nini, jibu lilikuwa moja, kwamba huyo hana kazi, anachora tu, na neno hilo likazoeleka nyumbani, wakubwa kwa wadogo, mpaka likawa kama jina lake la pili.

Aliajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya bohari mwezi Februari 1981, akaacha tarehe 30 Juni 1986, akakodi chumba kisicho na dirisha nyuma ya gereji, akaanza kuishi kwa brashi. Aliandika vibao vya saluni, vya maduka ya dawa na vya mafundi viatu, alichora ramani kwenye kuta za shule, na mwenye bucha mmoja alipotaka ng'ombe anayecheka, marehemu alimweleza kwamba hajapata kuona ng'ombe mwenye sababu ya kucheka mlangoni pa bucha, kisha akamchora anacheka, kwa kuwa tumbo halina likizo. Lakini alikuwa na sharti lake, mwanga wa kwanza wa asubuhi unaoingia mlangoni ulikuwa wa picha zake mwenyewe, na mteja aliyewahi alisubiri nje hata awe mkubwa wa namna gani, maana alisema mkono unaoamka ukitumwa hushinda ukitumwa.

Alifunga ndoa tarehe 10 Septemba 1988 na fundi umeme, shemeji yetu mpole, aliyemtengenezea fremu kwa mbao za masanduku, wakajaliwa binti mwaka 1990 na kijana mwaka 1993. Picha zake ziliwahi kutundikwa kwenye maonyesho, zikasifiwa sana, zikarudi nyumbani karibu zote, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ukuta mrefu wa wodi ya watoto hospitalini, aliouchora mwaka 1999, kuku na vifaranga wake wakitoka mlangoni mpaka kwenye kitanda cha mwisho. Shemeji alifariki tarehe 2 Agosti 2009, na miaka hiyohiyo mashine za kuchapa mabango zikawapokonya waandishi wa vibao riziki yao, wengi wakaweka brashi chini, marehemu akafundisha watoto kuchora, akapaka rangi mageti ya watu, lakini asubuhi yake hakuigawa.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2015, na daktari akasema wazi kwamba ni mvuke wa rangi na thina aliouvuta miaka yote katika chumba kile, akamkataza rangi, naye akahamia penseli na makaa. Tarehe 20 Februari 2023 alizidiwa, akapelekwa hospitali ileile ya ukuta wake, na pale mapokezi, karani alipouliza kazi ya mgonjwa, binti yake, kwa mazoea na kwa haraka, akajibu kwamba hana, anachora tu. Marehemu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, alisikia, na pumzi ya kubisha hakuwa nayo, akageuza uso, na binti anasema uso ule utamsumbua maisha yake yote.

Walimlaza katika wodi iliyokuwa zamani ya watoto, sasa ya wanawake, na ukuta ulikuwa umepakwa rangi moja ya maziwa kutoka mwisho hadi mwisho. Jua la jioni lilipoupiga ukuta kwa ubavu, mistari ya brashi ilijitokeza chini ya rangi ile, na siku moja alimshika binti yake kidole, akakipitisha ukutani, mgongo wa kuku, mkia, kifaranga, akamwambia kwamba wakati wa kusoma historia yake, kwenye kazi waseme alichora, na lile 'tu' la mwisho walizike peke yake. Alifariki tarehe 9 Mei 2023, alfajiri, mwanga wa kwanza ukiingia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, mafundi wa gereji mliobeba picha zake mvua isizikute, na waandishi wa vibao wenzake, mliobaki wachache. Kwenye kikao cha familia wapo waliopendekeza tuseme mjasiriamali, wengine mama wa nyumbani, na binti yake, aliyekuwa amekaa pembeni, akasimama akakataa, kwa hiyo nasoma kama ulivyoagiza, dada, na sentensi naifunga pale ulipotaka ifungwe.

Marehemu alichora.

Pumzika kwa amani.